Mwili Uliopungua na Kisu cha Daktari

Kuna jambo ambalo katika miaka hii limeanza kuzungumzwa majumbani, maofisini na ndani ya mabasi, na ambalo yafaa lisemwe waziwazi mbele ya wananchi badala ya kuachwa lipite kwa minong'ono. Jambo lenyewe ni upasuaji wa kuondoa ngozi na mafuta yaliyobaki mwilini baada ya mtu kupungua sana uzito. Zamani habari hii ilikuwa ya watu wa Ulaya na Marekani, nasi tukiisikia kama hadithi. Leo si hadithi tena. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma ya upasuaji wa kurekebisha maumbile ya mwili, na huko huko hutolewa huduma ya kuwekewa puto tumboni kwa watu ambao unene umekuwa ugonjwa kwao.

Ndugu msomaji wa Kasulu au wa Kibondo aweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi watu wa milimani, tulao ugali wa muhogo na maharage, na ambao kila siku hupanda na kushuka vilima kwa miguu? Jibu letu ni kwamba yatuhusu. Katika miji yetu wamo watumishi washindao vitini, wamo wafanyabiashara, madereva, walimu na akina mama waliozaa mara nyingi. Wamo wengine ambao daktari aliwaambia kwamba wana kisukari au shindikizo la damu, nao wakakaza moyo, wakaacha soda na vitu vya sukari, wakatembea kila asubuhi, hata wakapungua kilo 20 au 30. Hao wamefanya kazi kubwa ya kusifiwa. Lakini baada ya ushindi huo wengi wao hukuta ngozi ya tumbo imelegea na kuning'inia, na ile ya mikono na mapaja imekuwa kama nguo iliyomzidi mvaaji. Ndipo simu huwaonyesha picha za watu waliopasuliwa wakawa wembamba, nao huanza kuwaza safari ya Dar es Salaam.

Makala haya hayakusudii kumkataza mtu, wala kumshawishi. Nia yake ni kumpa mizani ya kupimia. Na neno letu kubwa ni hili: kisu cha daktari ni kazi ya saa chache tu, lakini kufaulu kwake kwategemea miezi iliyotangulia na majuma yatakayofuata, na majuma hayo mtu huyaishi nyumbani kwake, si hospitalini.

ASILI YA UFUNDI HUU

Wapo wanaodhani kwamba upasuaji wa namna hii ni anasa tupu ya matajiri. Si kweli kabisa. Mwaka 1899 daktari Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyomwondolea mgonjwa mkunjo mzito wa ngozi na mafuta ya tumbo uliokuwa ukimlemea. Baadaye vita kuu mbili za dunia ziliwafundisha madaktari jinsi ya kuziunga nyuso zilizopasuliwa na mabomu na ngozi zilizoungua moto. Hapa kwetu Afrika Mashariki ufundi huu ulianza mapema kuliko wengi wajuavyo. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliunda shirika la madaktari wa ndege ambalo leo twalijua kwa jina la AMREF. Wote watatu walikuwa mabingwa wa kurekebisha maumbile. Kazi waliyoikusudia ilikuwa kuwafikia watu wa mbali wasio na hospitali, wakiwamo wenye makovu ya moto na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka.

Kwa hiyo daktari anayeondoa ngozi iliyolegea na yule anayemsaidia mtoto aliyeungua jikoni wametoka katika shule moja. Mkunjo wa tumbo unaoning'inia hadi mapajani, unaotoka jasho, unaoota fangasi na kuchubuka kila mwezi, huo ni ugonjwa na mwenye nao hastahili kuchekwa. Ngozi iliyolegea kidogo tu, ambayo haina kidonda wala haizuii kazi, ni jambo la sura. Ni haki ya mtu kuipenda sura yake, lakini yampasa ajue kwamba anaingia hatarini kwa ajili ya sura, si kwa ajili ya maradhi. Tofauti hiyo ndiyo swali la kwanza la kujiuliza.

KWA NINI NGOZI HAIRUDI

Ngozi ya binadamu ina nyuzi nyembamba zinazoivuta na kuirudisha, kama mpira. Mtu anenepapo kwa miaka mingi, nyuzi hizo huvutwa mno na nyingine hukatika. Mafuta yakiondoka, nyuzi zilizokatika haziungani tena. Hali hiyo huwapata zaidi wenye umri mkubwa, waliokuwa wanene kwa muda mrefu, wavutao sigara, na akina mama ambao ngozi yao ilivutwa pia na mimba. Mazoezi huimarisha misuli iliyo chini ya ngozi, na hilo ni jema. Lakini hakuna zoezi wala mafuta ya kupaka yawezayo kuifuta ngozi iliyokwisha kuzidi. Kwa hiyo mwananchi akiuziwa kopo la dawa ya kupaka kwa ahadi kwamba litaikaza ngozi ya aliyepungua kilo 30, na ajue kwamba pesa zake zimepotea.

Katika tumbo kuna jambo jingine. Mimba huweza kuitenganisha misuli miwili ya katikati, na mara nyingine utumbo hutokeza kitovuni, yaani ngiri. Mama akiona uvimbe unaotoka akikohoa na kurudi akilala, hiyo si ngozi peke yake. Na apimwe katika hospitali iliyo karibu naye, kwa maana ngiri ina tiba yake, nayo haingoji mtu awe na pesa za urembo. Ngiri iliyobanwa ikawa ngumu, ikauma na kuleta kutapika, ni jambo la kukimbizwa hospitali saa ile ile.

JUA KWANZA KILICHOKUKONDESHA

Yatupasa tulitaje jambo moja kabla ya mengine yote. Kupungua uzito ni kwa namna mbili: kuna kupungua kwa kukusudia na kuna kupungua kusikotafutwa. Aliyebadili chakula chake na kutembea kila siku anajua kwa nini amepungua. Lakini mtu aliyepungua bila ya sababu anayoijua asifikirie ngozi hata kidogo kabla hajapimwa. Kifua kikuu hukondesha, na dalili zake ni kikohozi kinachozidi majuma mawili, homa na jasho la usiku. Kisukari hukondesha, na mwenye nacho hunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa tezi la shingo, minyoo na saratani, vyote huweza kumpunguza mtu. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya Ukimwi hutolewa bure katika vituo vya serikali, na mapema apimwapo mtu ndipo tiba humfaa zaidi.

Katika vilima vyetu maneno ya watu ni mengi. Mtu akinenepa husemwa kuwa amefanikiwa, akikonda huulizwa amepatwa na nini. Maneno hayo huwafanya wengine waogope kupimwa. Tusiyasikilize. Kipimo hakiongezi ugonjwa.

UZITO UTULIE

Sharti la kwanza la daktari mwangalifu ni kwamba uzito uwe umetulia. Aghalabu hutakiwa mtu awe amekaa katika uzito ule ule kwa muda wa miezi 6, asipande wala asishuke sana. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, madaktari humngoja mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Aliyewekewa puto hana budi kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa puto hukaa kwa muda tu, kisha hutolewa, na asiyebadili ulaji wake huweza kuurudia unene ndani ya miezi michache. Sababu ya kungoja ni rahisi. Ukikatwa ngozi leo na kesho ukapungua kilo 10 zaidi, ngozi italegea upya. Ukinenepa tena, kovu litavutwa na kazi yote itaharibika.

Iko hesabu ambayo kila mfanyakazi aweza kuifanya mwenyewe. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mathalan mtu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Akiwa na kilo 95, 95 kwa 2.56 ni 37, naye amezidi sana. Akishuka hadi kilo 68, hesabu yake ni karibu 27. Madaktari wengi hupendelea hesabu iwe chini ya 30 kabla ya kuondoa ngozi, kwa sababu kadiri mtu alivyo mnene ndivyo vidonda vyake vinavyochelewa kupona na ndivyo damu inavyokuwa tayari kuganda mishipani.

Na ieleweke vema kwamba upasuaji huu si njia ya kupunguza unene. Hata kule kunyonya mafuta kwa mrija, ambako watu hukusifu mno, huondoa mafuta ya mahali fulani tu. Hakuponyi kisukari wala shindikizo la damu. Kadhalika mama ambaye bado anataka kuzaa afadhali azae kwanza, kwa maana mimba itaivuta upya ngozi na misuli iliyoshonwa.

DAMU, CHAKULA NA TUMBAKU

Jeraha refu huponywa na mwili wenyewe, na mwili hujenga kwa chakula. Hapa ndipo watu wengi waliopungua huponzwa. Wamepungua kwa kuruka milo, wakaacha nyama, samaki na maharage pamoja na sukari. Wameondoa mafuta, lakini wamepoteza na nguvu ya kujenga mwili. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini una protini kidogo sana. Tunashukuru kwamba nchi ya Kasulu na Kibondo ni nchi ya maharage, na ziwa la Tanganyika haliko mbali. Maharage makavu gramu 100 yana protini kama gramu 20, yai moja lina kama gramu 6, na dagaa wakavu wana nyingi kuliko hivyo vyote. Anayejitayarisha kwa upasuaji na ale vyakula hivyo kila siku, pamoja na mboga za majani na matunda, kwa miezi kadhaa kabla ya siku yake. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula ahitaji pia vidonge vya madini na vitamini, naye apimwe damu kwa ajili hiyo.

Jambo la damu lina uzito wa pekee kwetu. Mkoa wa Kigoma umo miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria hula damu. Mwanamke mwenye damu chini ya 12 na mwanamume mwenye damu chini ya 13 huhesabiwa kuwa wana upungufu. Atakayelala kwenye meza ya upasuaji akiwa na upungufu ataongezewa damu ya mtu mwingine, au atarudishwa nyumbani. Ni afadhali upungufu ugunduliwe Kasulu kwa kipimo kidogo kuliko ugunduliwe Dar es Salaam baada ya kulipa nauli.

Ama tumbaku, hapo hakuna mjadala. Sigara na ugoro huibana mishipa midogo inayoilisha ngozi, na ngozi iliyokatwa kisha ikakosa damu hufa na kuwa nyeusi. Mvutaji aache majuma 4 kabla ya upasuaji kwa uchache, na asirudie majuma 4 baadaye. Na kama ataacha moja kwa moja, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Pia amweleze daktari kila dawa anayotumia bila ya kuficha: vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo vingine huongeza hatari ya damu kuganda, aspirini, dawa za kisukari, na miti shamba. Daktari hataona aibu. Atakayeumia ni mgonjwa aliyenyamaza.

KISU CHENYEWE

Upasuaji wa tumbo hufanywa kwa nusukaputi, na kwa kawaida huchukua saa mbili hadi nne au zaidi. Daktari hukata chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, huinua ngozi, huikaza misuli ikiwa imetengana, huondoa ngozi iliyozidi, hukitengenezea kitovu mahali pake, kisha hushona. Aghalabu huacha mirija midogo ya kutolea maji kwa siku kadhaa. Mgonjwa huvaa mkanda wa kubana kwa majuma mengi. Mikono, mapaja na matiti vina upasuaji wake, na si jambo la busara kufanya vyote kwa siku moja. Madaktari huvigawa kwa awamu, na kati ya awamu na awamu hupita miezi.

Sasa na tuseme na upande wa pili, kwa kuwa wauzaji wa picha nzuri hawausemi. Kovu halifutiki kamwe. Ni refu, na kwa watu wa ngozi nyeusi huweza kuota na kuwa nene kuliko kidonda chenyewe, hasa kwa mtu ambaye makovu yake ya zamani yaliota hivyo. Ngozi ya chini ya kitovu huweza kukaa na ganzi kwa miezi au daima. Maji huweza kujikusanya chini ya ngozi, kidonda huweza kuingia wadudu au kuachia, na damu huweza kuvuja ndani. Matatizo ya kidonda huwapata watu waliopungua kilo nyingi mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kubwa kuliko yote ni damu kuganda katika mguu, kisha bonge lake likasafiri hadi mapafuni. Hilo huua, na huua upesi.

SAFARI YA KURUDI MILIMANI

Hapa tumefika mahali ambapo mtu wa Kasulu na Kibondo hutofautiana na mtu wa Kinondoni. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni ndefu kupita kilomita 1,200, na njia ya basi, ama kwa Tabora ama kwa Nyakanazi, humketisha abiria kitini mchana na usiku. Mtu aliyepasuliwa tumbo, akaketi saa nyingi bila ya kunyoosha miguu, anaialika ile damu igande. Kwa hiyo asifanye hesabu ya kutoka hospitali Ijumaa na kuwa kwake Jumapili. Na apange kukaa karibu na hospitali hadi mirija itolewe, nyuzi zikaguliwe na daktari amruhusu kwa kinywa chake kusafiri. Muda huo kwa kawaida ni majuma kadhaa. Aulize mapema atalala kwa ndugu gani, na nani atamfungashia kidonda. Akiwa safarini anywe maji, achezeshe vifundo vya miguu, na ashuke kutembea kila basi lisimamapo.

Akifika nyumbani awe na barua ya daktari mkononi, inayoeleza alichofanyiwa, dawa alizopewa na namba ya simu ya hospitali. Barua hiyo aipeleke mapema katika hospitali ya wilaya, ili siku ya shida waganga wasianze kuuliza upya. Na dalili za shida azijue yeye na wa nyumbani mwake: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua, homa, usaha au harufu mbaya katika kidonda, ngozi kugeuka nyeusi, au tumbo kuvimba upande mmoja. Asingoje kesho. Asidhani pia kwamba kila homa ni malaria. Na apimwe malaria, lakini na kidonda kitazamwe.

NANI ATACHOTA MAJI?

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wanne na shamba la maharage. Amepungua kilo 30, hesabu yake imetulia, damu yake ni njema, hana ugonjwa. Kwa kipimo cha hospitali yuko tayari. Je, nyumbani yuko tayari? Kwa majuma 6 baada ya upasuaji haruhusiwi kuinua vitu vizito. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Hawezi kuijitwisha. Hawezi kumbeba mtoto mgongoni, wala kushika jembe, wala kutwanga, wala kupakiwa kwenye pikipiki katika barabara ya makorongo. Akifanya hayo katika juma la pili, nyuzi zitaachia, na pesa zote zitakuwa zimemwagika pamoja na ile ndoo.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba upasuaji huu si jambo la mtu mmoja. Mume, dada, wifi na watoto wakubwa hawana budi kukaa pamoja na kugawana kazi kabla ya tarehe kuwekwa, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake atafanya nini. Mume asiyeweza kuahidi kwamba maji yatafika nyumbani kwa majuma 6, huyo hajampa mkewe ruhusa ya kweli hata kama ametoa nauli. Na tarehe ichaguliwe kwa busara: miezi ya kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, ni bora kuliko miezi ya mvua ambayo kila mkono wahitajika shambani na njia zateleza.

Mfanyakazi wa kuajiriwa na ajue pia haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Watumishi wa umma wana kanuni zao. Lakini upasuaji unaofanywa kwa ajili ya sura peke yake huweza kuleta ubishi kazini, na aghalabu bima nayo hailipii mambo ya sura. Kwa hiyo yule ambaye ngozi yake humletea vidonda na aende zahanati kila itokeapo, ili iandikwe. Karatasi za mwaka mzima zitamtetea mbele ya mwajiri na mbele ya bima kuliko maneno yake.

Kabla ya kulipa, aulize bei nzima kwa maandishi: kitanda, vipimo, nusukaputi, dawa, mkanda, marudio, na nani atalipa ikiwa itabidi apasuliwe mara ya pili. Asiuze shamba kwa ajili ya ngozi. Shamba likiuzwa, kovu litabaki na njaa itabaki.

TUJIHADHARI NA WADANGANYIFU

Penye haja ya watu hapakosi wadanganyifu. Wapo wanaowachoma watu sindano majumbani kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta au kuongeza maumbile, na watu wengi katika nchi nyingi wameharibiwa, hata kufa, kwa vitu vilivyotiwa mwilini mwao kwa njia hiyo. Kila daktari wa kweli ameandikishwa katika Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumwuliza habari za usajili wake si utovu wa adabu. Mwulize pia: wewe ni bingwa wa upasuaji gani? Umewafanyia wangapi waliopungua kama mimi? Yuko mtaalamu wa nusukaputi? Damu ipo? Nikipata shida usiku nimpigie nani? Nisipopasuliwa nitapata hasara gani? Daktari mwema hupenda maswali hayo. Anayekasirika akiulizwa, mwachie fedha zake na ondoka ukiwa na afya yako.

Yafaa pia tujue kwamba kukataa upasuaji si kushindwa. Wengi huishi vema na ngozi iliyolegea kwa kuosha mikunjo kila siku, kuikausha vizuri, kuweka kitambaa cha pamba katikati, kutibu fangasi mapema na kuvaa nguo inayoshika mwili bila ya kukaba. Na kama kinachomsukuma mtu ni kejeli za mwenziwe nyumbani, hakuna kisu kinachoweza kuikata kejeli. Itarudi kwa jina jingine.

Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo waliopungua kwa jasho lao wameshinda vita vigumu kuliko vile vya mezani pa daktari. Wameirudisha pumzi yao, wameishusha sukari yao, wanapanda kilima bila ya kusimama. Ushindi huo tusiuhatarishe kwa haraka. Anayehitaji kisu na aende kwacho akiwa amepimwa, ameshiba vyema, ameacha tumbaku, ana barua mkononi na ana mtu wa kumchotea maji. Asiyekihitaji na akae na mwili wake kwa heshima, kwa maana ngozi iliyolegea juu ya mwili wenye afya ni alama ya kazi iliyofanywa.